Makofi hayalipi kodi ya nyumba

Kila baada ya miezi michache picha ileile, au ndugu yake, huzunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp: wasichana wa Kibera wamevaa sketi nyeupe, mikono juu, nyuma yao mabati na ukuta wa udongo. Mjomba fulani huandika "Mungu ni mkubwa." Shangazi aliye Marekani hutuma mioyo mitatu. Hakosi mwingine wa kuuliza kama wavulana nao huvaa zile soksi za kubana. Kisha picha huzama chini ya tangazo la mazishi na kikumbusho cha mchango wa chama, mpaka msimu wake mwingine ufike. Sijamwona hata mmoja akiuliza: wale wa picha ya miaka kumi iliyopita wako wapi leo, na ugali wao unatoka wapi?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili asiyekubaliana nami ageuze ukurasa. Shule ya balei tusiipime kwa nyota wake. Tuipime kwa yule mhitimu wa katikati, aliyefuzu vizuri lakini hakuitwa na kundi lolote, au aliitwa, akacheza miaka sita, kisha goti likakataa. Shule inayomchukua mtoto wa miaka kumi na kumfundisha kazi ambayo kwa kawaida hukoma kabla ya miaka arobaini ina deni kwake. Anaidai mlango wa pili, na mlango huo ujengwe mtoto akiwa bado darasani.

Kuna watakaosema balei si yetu, kwa hiyo hayatuhusu. Hoja hiyo naipita mbio. Kandanda nayo ilikuja na meli, na leo baba wa Kakamega anaweza kukutajia kikosi cha Arsenal upesi kuliko anavyoweza kukutajia siku za kuzaliwa za wanawe. Watoto wetu tayari wanacheza balei, Nairobi na hata Lagos. Kilichobaki ni kujua inawapeleka wapi.

Samaki mkunje angali mbichi

Balei haimsubiri mtu akomae. Nyonga lazima zizoeshwe kugeuka nje mapema, mgongo usimame, unyayo upate nguvu za kuubeba mwili mzima juu ya vidole. Ndiyo maana shule zake kongwe huwataka watoto. Ya Opera ya Paris ilianzishwa mwaka 1713, enzi za mfalme Louis XIV, na hadi leo Wafaransa huwaita wanafunzi wake "panya wadogo". Ya St. Petersburg, iitwayo Vaganova, ilianza mwaka 1738 kwa amri ya malkia Anna, na kozi yake ya jadi ni ya miaka minane. Royal Ballet School ya London, iliyoasisiwa na Ninette de Valois mwaka 1926, huwapokea watoto wa miaka 11 katika White Lodge, jumba la zamani la kifalme ndani ya bustani ya Richmond. Wengi wao hulala bwenini. Mtoto wa darasa la sita, kwa hesabu yetu, tayari yuko kazini.

Kuingia nako si mwisho wa usaili. Katika shule nyingi za aina hii kuna tathmini ya kila mwaka, na mtoto anaweza kuambiwa Juni kwamba Septemba asirudi. Huenda hakuwa mvivu hata kidogo. Pengine alirefuka likizoni, au nyonga zake Mungu aliziumba kwa namna nyingine. Utamweleza nini mtoto wa miaka kumi na nne ambaye kosa lake ni kukua?

Hebu tufanye hesabu ya nyumbani. Binti anaingia akiwa na miaka kumi, anatoka na kumi na minane. Wenzake wa mtaani kufikia hapo wana vyeti; mmoja yuko chuo cha ualimu, mwingine anasomea uuguzi, wa tatu ameshika spana kwenye gereji ya babake na ana wateja wake. Huyu wetu ana mwili unaoweza kufanya mambo ambayo binadamu wachache wanayaweza. Ana nidhamu ya kuamka alfajiri bila kuitwa. Lakini je, ana karatasi yoyote ambayo mwajiri asiyejua balei anaweza kuisoma?

Na tuzungumze gharama, kwa kuwa hilo ndilo linaloumiza nyumba. Tazama kiatu tu, kile cha kusimamia ncha za vidole. Wengi hudhani ndani yake mna mbao au chuma. Hamna. Ncha ni tabaka za kitambaa cha gunia na karatasi zilizogandishwa kwa gundi, kisha zikafunikwa satini. Katika kampuni ya Freed, London, inayovitengeneza tangu mwaka 1929, fundi anakiumba kila kimoja kwa mikono. Mchezaji akikipokea, anashona utepe mwenyewe, anakunja soli mpaka itii, anaigonga ncha sakafuni isije ikapiga kelele jukwaani. Kisha jasho linaingia na gundi inalegea. Mchezaji mkuu anaweza kumaliza jozi nzima katika onyesho la usiku mmoja. Bei ya jozi hiyo moja inalipa kodi ya chumba cha Kibera kwa zaidi ya mwezi. Na kwa miongo mingi kilipatikana kwa rangi ya waridi tu, ya ngozi ya Mzungu. Mchezaji mweusi alikaa chini na sifongo, akakipaka vipodozi vya uso hadi kifanane na mguu wake. Ni mwaka 2018 tu ndipo Freed, kwa kushirikiana na kundi la Ballet Black la London, walipotoa viatu vya rangi ya kahawia.

Mfadhili akiwapo, viatu vipo. Akichoka au akihamia mradi mwingine, msichana anabaki na jozi iliyolegea na ndoto ambayo mamake hawezi kuinunulia jozi nyingine.

Kuna gharama nyingine isiyo na risiti. Septemba 2023 kipindi cha Panorama cha BBC kiliwapa nafasi wanafunzi wa zamani wa shule mashuhuri za balei za Uingereza, nao wakaeleza jinsi miili yao ilivyokosolewa mbele ya wenzao na jinsi chakula kilivyogeuka adui. Hao nao ni wahitimu. Wengine hawachezi tena, lakini bado wanatibiwa madhara ya shule. Mzazi wa Kiafrika ambaye maisha yake yote amepigania mtoto ashibe anapaswa kulisikia hilo kabla hajatia sahihi fomu.

Harambee ya Margot Fonteyn

Wahenga walisema ngoma ivumayo haikawii kupasuka. Wakati wa kupasuka, nani huwa karibu?

Chukua mfano wa juu kabisa. Margot Fonteyn alitoka katika ile shule ya Ninette de Valois na akawa jina kubwa kuliko yote katika balei ya Uingereza. Mwaka 1962, akiwa na miaka 42, umri ambao wenzake walikuwa wameshatundika viatu, alianza kucheza na Rudolf Nureyev, kijana wa Vaganova aliyewatoroka Wasovieti katika uwanja wa ndege wa Paris mwaka uliotangulia. Dunia ikawashangilia kwa miaka mingi. Lakini nyumbani kulikuwa na hesabu nyingine. Mwaka 1964 mumewe, Roberto Arias, mwanasiasa wa Panama, alipigwa risasi akapooza. Fonteyn akaendelea kupanda jukwaani hadi kukaribia miaka sitini, na sehemu ya sababu ilikuwa bili za hospitali. Alimalizia maisha yake katika shamba la ng'ombe huko Panama. Mwaka 1990, akiwa mgonjwa wa saratani na mfukoni mkavu, wenzake waliandaa onyesho Covent Garden kumchangia. Sisi tuna jina la shughuli ya aina hiyo: harambee. Mwaka uliofuata akafariki.

Ikiwa malkia wa balei aliishia kuchangiwa, msichana wa safu ya nyuma, yule anayesimama na wenzake ishirini na watatu wakiwa mabata maji na ambaye jina lake halitoki gazetini, ataishia wapi?

Na hata kabla ya kustaafu, bili ya kipaji hugawanywa nyumba nzima. Sergei Polunin alizaliwa mwaka 1989 mjini Kherson, Ukraine, katika familia isiyo na pesa. Ili asome balei Kyiv, babake alikwenda Ureno kufanya vibarua, bibi akaenda Ugiriki kutafuta kazi, na mamake akahama naye. Akiwa na miaka 13 alipata nafasi London, na safari hii mama alibaki nyuma. Wazazi wakatalikiana akiwa mbali. Alipanda haraka hadi kuwa mchezaji mkuu mdogo kuliko wote katika historia ya Royal Ballet, na Januari 2012, akiwa na miaka 22, aliacha kazi ghafla. Amesema mwenyewe kwamba alikuwa akicheza ili familia irudi pamoja. Ilipovunjika, akapoteza sababu ya kucheza.

Kisa hicho hakihitaji mkalimani katika nchi hii. Ni nyumba ngapi zimeuza shamba ili mtoto mmoja asome, dada mkubwa akaacha shule, kaka akapelekwa Doha kuwa mlinzi, halafu macho yote yakabaki kwa yule mteule? Mzigo huo humwelemea mtu mzima. Kwa kijana ambaye riziki yake inategemea kano za kisigino, ni ukatili uliofungwa kwenye karatasi ya upendo.

Kwani Tupac hakucheza balei?

Hapa ndipo mashabiki wa sanaa hunitolea orodha yao. Rio Ferdinand, aliyekuwa beki wa Manchester United! Alipokuwa na miaka 11, mtoto wa Peckham, alipata ufadhili Central School of Ballet ya London na akahudhuria miaka minne. Tupac Shakur alisoma sanaa Baltimore, na miongoni mwa aliyojifunza ni balei. Katika *The Nutcracker* alicheza Mfalme wa Panya. Charlize Theron wa Benoni, Afrika Kusini, alikwenda New York kusoma katika shule ya Joffrey, goti likamwangusha, akaishia kushika Oscar mwaka 2004. Audrey Hepburn naye alitaka kuwa mcheza balei kwanza. Basi, wananiambia, mafunzo hayapotei bure.

Orodha ni tamu, na ni ya kweli. Lakini isome polepole.

Ferdinand alikuwa angali anasoma shule ya kawaida na anacheza mpira mtaani siku zote hizo. Balei ilipoisha, mpira ulikuwepo. Tupac hakuwa katika shule ya balei tupu. Alikuwa katika shule ya sekondari ya umma iliyofundisha uigizaji, ushairi na muziki pamoja na masomo mengine. Hepburn alikuwa na bahati ya mwalimu mkweli: Marie Rambert, London, alimweleza bila kuzunguka kwamba kwa urefu wake na mwili uliodhoofishwa na njaa ya vita kule Uholanzi, hatafika juu. Aliambiwa akiwa bado kijana, akageukia uigizaji. Miaka mingi baadaye alifika ukanda wetu huu kama balozi wa UNICEF, Ethiopia mwaka 1988 na Somalia mwaka 1992, bado akitembea kwa mgongo ulionyooka wa studio.

Na Theron? Kisa kinachosimuliwa ni kwamba wakala wa filamu alimwona Los Angeles akigombana na karani wa benki aliyekataa hundi yake. Vizuri. Lakini mzazi, utamwandikia mwanao mpango wa maisha ambao kipengele chake cha pili ni kugombana na karani wa benki?

Anayenivutia zaidi katika habari hizi si maarufu sana huku kwetu. Edward Villella wa New York alianza katika School of American Ballet, shule iliyoanzishwa mwaka 1934 na George Balanchine pamoja na Lincoln Kirstein. Wazazi wake hawakuona kazi hapo, wakamtoa. Akapelekwa chuo cha mabaharia, akapiga ndondi, akapata shahada ya uchukuzi wa majini. Kisha akarudi kwenye balei, akajiunga na New York City Ballet mwaka 1957 na kuwa mmoja wa wanaume waliong'ara kuliko wote nchini Marekani. Baadaye akaasisi Miami City Ballet. Miaka aliyokaa nje ilimgharimu, na mwili wake ulilipa kwa maumivu. Sitadanganya kwamba shahada ni dawa ya kila kitu. Lakini kila alipopanda jukwaani alijua kwamba wakimfukuza kesho, kuna bandari itakayompokea.

Mafunzo hayapotei pale yanapokuta pa kutua. Anayesema yatajitafutia njia yenyewe hajawahi kukaa na kijana wa miaka ishirini na sita mwenye bandeji gotini na wasifu wa kazi wa mistari miwili.

Walioweka akiba

Wapo walioliona hili zamani. Ufaransa, mfuko wa pensheni wa Opera ya Paris chimbuko lake ni mwaka 1698. Mchezaji wa pale hustaafu akiwa na miaka 42 na hupata pensheni, kwa sababu mfalme Louis XIV, pamoja na makosa yake yote, alikuwa mchezaji mwenyewe na alijua mguu unavyochoka. Serikali ya Macron ilipotaka kuifuta mipango maalumu ya aina hiyo, wachezaji waligoma. Tarehe 24 Desemba 2019 walitoka nje ya Palais Garnier, wakacheza vipande vya *Swan Lake* kwenye ngazi za jengo, baridi ikiwauma mabegani. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: tunaanza tukiwa na miaka minane, wengi wetu tunaingia kazini bila cheti cha sekondari, tuna majeraha yasiyopona, mnatutaka tucheze hadi sitini na ngapi? Serikali ikawapa njia ya mkato, kwamba sheria mpya iwaguse watakaoajiriwa kuanzia mwaka 2022 tu. Walikataa. Hawakutaka pensheni yao ilipwe na wadogo zao.

Ningependa wabunge wetu, ambao hukumbuka marupurupu yao kabla ya kikao kufunguliwa, waitazame video ya onyesho lile mara moja.

Kwingine walichukua njia ya elimu. Uingereza ilianzisha mwaka 1973 mfuko wa kuwasaidia wachezaji kubadili kazi, ambao leo unaitwa Dancers' Career Development. Huwalipia kozi na ushauri. Kanada ilifuata mwaka 1985, baada ya Joysanne Sidimus, mchezaji aliyestaafu, kuona wenzake wanavyotupwa. Chuo cha St. Mary's, California, kina programu ya shahada tangu mwaka 1999 inayoitwa LEAP, inayopangwa kuzunguka ratiba ya mazoezi na kuhesabu uzoefu wa jukwaani kama sehemu ya masomo. Kupitia milango kama hiyo wachezaji wamekuwa wanasheria, wahudumu wa tiba ya viungo, wapiga picha, walimu wa yoga. Si kazi za kupigiwa makofi. Ni kazi za kulipa kodi.

Kyuba walikwenda njia ya tatu: serikali inalipa kila kitu. Carlos Acosta, mtoto wa dereva wa lori kutoka viunga vya Havana, alikuwa mtoro wa shule anayetaka kuwa Pelé. Babake alimpeleka shule ya balei kwa sababu mbili ambazo mzazi yeyote wa mtaani angezielewa: nidhamu, na chakula cha mchana cha bure. Kijana alitoroka huko pia, akafukuzwa, akaanza upya. Mwaka 1990 alishinda dhahabu katika shindano la Lausanne. Mwaka 1998 akajiunga na Royal Ballet. Tangu mwaka 2020 ni mkurugenzi wa Birmingham Royal Ballet. Katikati ya hapo alirudi Havana akaanzisha kundi lake. Hadithi hii ina upande wake mbaya, kwani Kyuba imepoteza wachezaji wengi waliokwenda ziara na wasirudi. Lakini hakuna mama wa Havana aliyeuza ng'ombe ili mwanawe ajifunze kuruka.

Akiba haiozi, iwe ya pesa au ya elimu. Sisi hatujaweka yoyote.

Mwenda tezi na omo

Wengi hurudi. Johaar Mosaval alizaliwa mwaka 1928 District Six, Cape Town. Ngozi yake ilimfungia majukwaa ya nyumbani, akaenda London mwanzoni mwa miaka ya 1950, akapanda hadi kuwa mchezaji mkuu wa Royal Ballet. Akiwa huko, serikali ya makaburu ikatangaza mtaa aliozaliwa kuwa wa wazungu na kuubomoa. Akarudi hata hivyo katikati ya miaka ya 1970, akafungua shule, akapewa kazi ya ukaguzi wa balei mashuleni, kisha akaiacha alipoona kwamba angewakagua watoto wa rangi moja tu. Aliendelea kufundisha hadi uzeeni, na alifariki Agosti 2023 akiwa na miaka 95. Dada Masilo wa Soweto alirudi kwa namna nyingine. Alikwenda Brussels kusoma densi, akarudi Johannesburg, akaivunja *Swan Lake* na kuiunda upya: wachezaji pekupeku, wanaume nao katika sketi, miguu ya Kiafrika ikijibishana na mikono ya Kirusi. Dunia nzima ilimwalika kabla ya kifo chake Desemba 2024, akiwa bado hajafika arobaini.

Na hapa kwetu? Mike Wamaya, mcheza densi, amewafundisha watoto wa Kibera katika vyumba vya madarasa: madawati yanatolewa nje, sakafu inafagiliwa, mtoto anashika ukuta kwa kukosa upau wa kushikilia. Mwaka 2017 alikuwa miongoni mwa kumi bora wa tuzo ya mwalimu bora duniani. Joel Kioko, aliyelelewa Kuwinda karibu na Karen, alitoka katika madarasa ya aina hiyo, akachukuliwa na Dance Centre Kenya ya Cooper Rust, akacheza jukwaa la Kenya National Theatre na kupata nafasi katika shule ya English National Ballet, London. Lagos, Daniel Ajala alianzisha Leap of Dance Academy mwaka 2017, na mwanafunzi wake Anthony Madu, aliyecheza pekupeku mvuani kwenye video iliyozunguka dunia mwaka 2020, alikwenda shule ya bweni ya Elmhurst, Birmingham, ambako balei hufundishwa pamoja na hesabu, sayansi na Kiingereza. Hilo la mwisho ndilo lililonifurahisha kuliko video yenyewe.

Kwa maana siku moja vijana kama hao watarudi, na watataka kufundisha. Ndiyo njia ya wahitimu wengi wa balei popote duniani, wala si aibu. Mtaala mpya wa Kenya umeweka mikondo mitatu sekondari pevu, na mmojawapo ni wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Wizara imewaambia wazazi kwamba sasa kipaji ni somo. Haya, nani atalifundisha? Tume ya kuajiri walimu, TSC, husajili mwalimu kwa vyeti: KCSE ya kidato cha nne, kisha diploma au shahada ya ualimu. Kijana aliyeondoka Nairobi na miaka kumi na mitano, akacheza London miaka kumi, akarudi na kisigino kibovu na ujuzi ambao hapa nchini wanao wachache mno, hataruhusiwa kuajiriwa katika shule ya umma. Atafundisha watoto wa mabalozi huko Muthaiga kwa saa, na wale wa Kibera wataendelea kusubiri mfadhili.

Wazazi nawaomba wafanye jambo moja kabla ya jingine lolote. Siku ya kutia sahihi, mwombeni mkuu wa shule majina ya wanafunzi watano waliomaliza miaka mitano iliyopita, wasiwe wale wa kwenye bango la mlangoni, kisha muulize wanafanya kazi gani na kama walifanya mtihani wa kidato cha nne. Shule nzuri itajibu mbele yenu. Ile itakayoanza kuwaonyesha picha, chukueni mkoba wenu mwondoke. Usiache mbachao kwa msala upitao; mbachao, katika habari hii, ni daftari la hesabu.

Serikali nayo ina chombo tayari. Mamlaka ya vyeti vya taifa, KNQA, inasimamia sera ya kutambua ujuzi ambao mtu aliupata nje ya mfumo rasmi, na kwa sera hiyo fundi wa jua kali aliyejifunza kuchomelea vyuma kando ya barabara anaweza kupimwa na kupewa cheti. Sioni kwa nini mcheza densi asipimwe vivyo hivyo, iwe alijifunza balei Kuwinda, isukuti Vihiga au mwanzele Kaloleni, na sioni kwa nini TSC isikipokee cheti hicho kwa walimu wa mkondo wa sanaa, akisha kusomea ualimu kwa mwaka mmoja. Gharama yake ni jopo la wapimaji, ukumbi na kikao kimoja kati ya taasisi mbili ambazo ofisi zao ziko katika jiji moja.